Uzi: Kanisa lina eka za ziada Malindi na watu hawana pa kujenga. Tukate viwanja, lakini tusiuze

Mpimaji wa Barani #1

Wanabaraza, asalaam aleikum na Bwana asifiwe, kila mtu apokee yake.

Kuna jambo linazungumzwa chini kwa chini kuanzia Muyeye mpaka Ganda, kwenye jumuiya, kwenye kamati za fedha za makanisa, na kwa mabroka ambao siku zote husikia kabla ya waumini. Makanisa yetu mengi yana ardhi kuliko yanavyohitaji. Jengo la ibada, nyumba ya padre au mchungaji, chekechea, pengine zahanati, vyote vimekaa kwenye eka mbili. Zilizobaki ni mikorosho iliyozeeka, minazi, nyasi za mbuzi, na nyumba za watu. Sadaka ya Jumapili haitoshi kuezeka paa, basi wazo linakuja lenyewe: tumwite msoroveya (mpimaji wa ardhi), akate viwanja vya futi hamsini kwa mia, tuuze.

Kazi yangu ni upimaji wa ardhi na mimi ni muumini hapa mjini. Kukata viwanja naunga mkono kwa moyo wote. Kuuza ndiko ninakopinga. Uzi ni mrefu, naomba mvumilie.

Tuanze na asili ya ardhi yenyewe, maana Pwani si bara. Mwaka 1895 ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar uliwekwa chini ya utawala wa Waingereza. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hatimiliki iliyomtaka kila anayedai ardhi kwenye ukanda huo ajitokeze athibitishe. Aliyelisikia tangazo na kuwa na karatasi akapata hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi waliokuwa wakilima na kuzika palepale wakatoka mikono mitupu, na wajukuu wao ndio leo tunawaita maskwota. Kwa hiyo kamati ya kanisa inaposema "shamba letu limevamiwa", naomba twende taratibu. Mara nyingi ukoo ule ulikuwepo kabla kengele ya kanisa haijapandishwa.

Na kuna minazi. Wa Pwani mnajua: mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Kwenye shamba moja la kanisa upande wa Ganda, mama mmoja alinitembeza mnazi kwa mnazi. Huu wa marehemu babake. Ule walinunua kwa jirani wakati wa njaa. Ule wa tatu, wenye ngazi zilizochongwa kwenye shina, umewekwa rehani kwa mgemaji mpaka deni liishe. Kwenye ramani niliyoshika mkononi eneo lile lote lilikuwa jeupe, kama hakuna kitu wala mtu. Ukikata viwanja kwa kufuata ramani peke yake, umeuza mali ya watu watatu ambao hujawahi kuwauliza.

Ndiyo maana nasema hatua ya kwanza ya kazi hii haihitaji mashine ya kupimia. Inahitaji daftari, mzee wa mtaa, na siku kadhaa za kutembea. Andikeni kila nyumba, kila mti wa matunda na mwenyewe, kila kisima, kila kaburi. Makaburi hasa. Shamba la kanisa Pwani halikosi makaburi, ya waumini na ya waliotangulia, mengine ni mawe ya matumbawe tu yaliyosimamishwa kichwani na miguuni. Hayo yanatengewa kipande chake chenye namba yake na njia ya kufikia. Hayaingizwi kwenye kiwanja cha mtu halafu akaambiwa asichimbe msingi upande ule.

Kuna shule pia. Shule nyingi za msingi za umma zilianzishwa na misheni na bado zimekaa ndani ya hati ya kanisa. Mnapogawa, ikateni shule kwanza, uwanja wa mpira ukiwemo. Mkianza na viwanja vya kuuza, kinacholiwa mwanzo ni uwanja wa mpira.

Sasa karatasi. Nendeni mkafanye search, yaani upekuzi wa hati kwa msajili wa ardhi. Kwa mji wa Malindi hati nyingi ni zile za "Portion" na namba. Jambo la kuangalia ni kama ardhi ni ya milele au ni ya muda uliotolewa na serikali, na kama ni ya muda, masharti yake yanasemaje. Viwanja vingi vya kanisa mijini vilitolewa kwa masharti ya ibada, au ibada na elimu, kwa kodi ndogo sana. Kiwanja cha namna hiyo huwezi kukikata ukajenga nyumba za kupanga kwa sababu tu baraza la kanisa limepiga kura. Unahitaji kibali cha aliyekutolea, unahitaji kubadilisha matumizi, na mara nyingi kodi ya ardhi inapanda.

Kubadilisha matumizi na kugawa ardhi kunaongozwa na Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019. Mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa anachora mpango na kueleza kwa nini, ombi linaingia kaunti kule Kilifi, tangazo linatoka gazetini na kibao kinasimamishwa kwenye kiwanja chenyewe. Majirani wana siku 14 za kupinga au kutoa maoni. Idara za barabara, maji, afya na mazingira zinaulizwa. Ukianza kazi bila kibali, sheria hiyohiyo inasema faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote. Ardhi ikiwa ni ya kilimo nje ya mji, kama nyingi za Kakuyuni na Ganda, kuna pia Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Bila idhini yake mapatano hayana nguvu, hata kama mmeandikiana mbele ya wakili na chifu akagonga muhuri. Ni baada ya hapo ndipo msoroveya anapanda bikoni, yaani alama za mipaka, kazi inakwenda kwa Mkurugenzi wa Upimaji, na msajili anafunga hati mama na kufungua hati mpya.

Mnaona mpangilio. Watu wengi wanaanza na bikoni. Bikoni ndiyo inayoonekana, ndiyo inayompa mnunuzi imani, na ndiyo rahisi kuliko yote: chuma, saruji, nusu saa. Nimeona bikoni zimepandwa kwenye mashamba ambayo hayana hata ombi lililoingia kaunti, na watu wameshalipa arbuni.

Kwa upande wa kanisa lenyewe, jueni kwamba mchungaji wa hapa au baraza la parokia si mwenye ardhi. Kwa Wakatoliki hati iko kwa wadhamini waliosajiliwa wa jimbo, na jimbo letu la Malindi limekuwepo tangu mwaka 2000. Kwa Waanglikana kuna Church Commissioners for Kenya. Makanisa mengine yana wadhamini wao. Sahihi ya mtu mwingine yeyote haina kazi. Na sheria ya Kanisa Katoliki yenyewe ni kali kuliko wengi wanavyodhani: Kanuni 1293 inataka sababu ya haki na thamani iliyoandikwa na wataalamu, Kanuni 1294 inakataza kuuza kwa kawaida chini ya thamani hiyo, na pesa zinazopatikana lazima zihifadhiwe kwa faida ya kanisa au zitumike kwa makusudi ya mauzo yenyewe. Askofu mwenyewe anahitaji ridhaa ya baraza la fedha na la washauri, na ikizidi kiwango fulani inabidi kwenda Roma. Kanuni 1300 inataka nia ya aliyetoa zawadi iheshimiwe kwa uangalifu mkubwa. Kama bibi fulani alitoa eka zake "kwa ajili ya yatima", hilo halijafa naye.

Hesabu sasa. Chukua eka 5. Eka moja ni futi za mraba 43,560, kwa hiyo eka 5 ni 217,800. Kiwanja cha 50 kwa 100 ni 5,000. Broka anagawa harakaharaka anakwambia viwanja 43. Hesabu hiyo haina barabara, haina mahali pa watoto kucheza, haina pa kuweka tangi la maji wala pa maji taka. Ondoa asilimia 30, ambayo kwangu ni ya haki, unabaki na 152,460, yaani viwanja 30. Kama kuna familia 12 tayari, hao wanapata kwanza, palepale walipo au karibu iwezekanavyo. Vinabaki 18.

Na hapo kwenye maji taka ndipo naomba tukae kidogo, maana ndiko tunakoharibu. Sehemu kubwa ya Malindi inategemea septiki na vyoo vya shimo. Chini ya mchanga wetu kuna mwamba wa matumbawe wenye matundu. Fundi akichimba anafika kwenye jiwe, anapiga nyundo, jiwe linafunguka, anafurahi kwa sababu shimo halitajaa kamwe. Halijai kwa sababu linatiririka, na linatiririka kuelekea kisima cha jirani. Mahali viwanja vilipokatwa vidogo, kila mtu ana shimo lake nyuma na kisima chake mbele, na nyuma ya huyu ndiyo mbele ya yule. Maji ya mfereji kutoka Baricho yakikatika, watu wanarudi kwenye kisima. Afisa wa afya anataka angalau mita 30 kati ya choo na kisima. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 urefu wake wote ni kama mita 30. Kwa hiyo kiwanja kimojakimoja hakiwezi kujitosheleza. Ni yule anayepanga shamba zima kwa pamoja ndiye anayeweza kuweka mfumo mmoja wa maji taka upande wa chini na visima upande wa juu. Kanisa lina bahati hiyo kwa sababu linaanza na shamba zima. Likishauza kipande kipande, bahati hiyo imekwisha na hairudi.

Ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kutouza. Ya pili ni ya nani atakaa hapo. Mji huu umeuzwa upande wa bahari miaka mingi. Ukitoka Casuarina ukaenda Watamu utaona kuta. Anayefua mashuka ya hoteli, anayeendesha tuktuk, mwalimu wa chekechea, wamepanga chumba kimoja Maweni au Kisumu Ndogo, na mvua ya Mei ikinyesha wanalala wamekaa. Kanisa likiuza wazi kwa bei ya soko, kiwanja hakitamfikia huyo. Kitachukuliwa na mtu mwenye viwanja sita, atakizungushia waya, na mti wa mkilifi utaota katikati miaka kumi akisubiri bei ipande.

Pendekezo langu ni hili: wadhamini wabaki na ardhi, wakodishe kila kiwanja kwa muda mrefu, miaka 50 au zaidi, mkataba usajiliwe na mpangaji apewe hati yake ya ukodishaji. Familia moja kiwanja kimoja. Ajenge ndani ya muda uliokubaliwa. Akitaka kuhama auze nyumba yake na miaka iliyobaki, kanisa likiwa la kwanza kuulizwa. Waliokuwepo tangu zamani wasilipe ada ya kuingia.

Naomba maoni.

Kaka wa Muyeye #2

Umeongea mambo mazito ndugu. Lakini mimi sijengi kwenye ardhi ya mtu. Tumeona wazee wetu wamejenga nyumba bila ardhi, mwenye ardhi akiuza unaambiwa ubebe mabati yako. Na benki itakukopesha vipi na ardhi si yako?

Mpimaji wa Barani #3

Kaka, hofu yako ni ya haki kabisa na Pwani nzima inaijua. Nyumba bila ardhi ni mapatano ya mdomo: unalipa ijara ya mwezi, unapewa risiti au hupewi, na mwenye ardhi akibadilisha nia huna pa kushika. Ninachosema mimi ni kitu kingine. Ukodishaji uliosajiliwa unaingia kwenye daftari la msajili kwa jina lako na miaka yako. Wadhamini wakibadilika, askofu akibadilika, hata ardhi ikiuzwa kwa mtu mwingine, miaka yako iko palepale. Unaweza kurithisha, na benki inaikubali kama dhamana mradi miaka iliyobaki inatosha. Kumbuka viwanja vingi vya katikati ya miji yetu ni vya muda, vimetolewa na serikali kwa miaka 99, na maghorofa yamejengwa juu yake kwa mikopo.

Lakini mkataba usiposajiliwa, Kaka, maneno yako ndiyo sahihi na yangu si kitu. Usijenge.

Binti Mambrui #4

Mimi ni Muislamu, lakini suala hili nalijua kutoka upande wa wakfu. Kwetu ardhi ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Watu wanakaa juu yake na kodi inakwenda kwa msikiti, madrasa, au kwa waliotajwa. Kuna Tume ya Wakfu na sheria mpya ya mwaka 2022. Kwa hiyo anachosema Mpimaji si kigeni hapa mjini, ni jambo la mababu.

Ila nataka kutahadharisha. Udhaifu tuliouona kwenye wakfu ni kodi kuwekwa mara moja na kusahauliwa. Miaka arobaini baadaye mtu analipa hela ya chai kwa kiwanja cha barabarani, mwenyewe amepangisha vyumba kumi kwa bei ya leo, na msikiti hauna hata pesa ya kupaka chokaa. Wallahi nimeona. Andikeni kwenye mkataba kodi itaangaliwa lini na kwa kipimo gani, na mwenye kupangishia wengine asilipe sawa na anayelala humo na watoto wake.

Mpimaji wa Barani #5

Dada, shukrani sana. Hilo la anayepangishia wengine sikuwa nimelifikia, na nadhani ndilo litakaloamua kama mpango utadumu. Kuangalia kodi kila miaka mitano kwa kipimo kilichoandikwa tangu mwanzo, si kwa matakwa ya kamati ya wakati huo. Nalichukua.

Mhasibu wa Kanisa #6

Mimi ni mweka hazina wa kanisa moja hapa, sitataja. Maneno matamu, lakini paa linavuja leo. Walimu wa chekechea wana miezi hawajalipwa. Mwenye pesa taslimu amesimama mlangoni, anataka eka 2 zote, analipa kwa mkupuo. Kodi ya mwaka itanifikisha wapi?

Mpimaji wa Barani #7

Mhasibu, pole kwa mzigo. Naomba tupige hesabu pamoja, kwa tarakimu za mfano tu. Tuchukue vile viwanja 30 vya eka 5. Kumi na mbili ni vya wenyeji, hawalipi ada ya kuingia. Kumi na nane tuseme shilingi 300,000 kila kimoja, mtu alipe kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Hiyo ni milioni 5.4, na ndiyo itakayotoa pesa ya mtaalamu wa mipango, upimaji, barabara za murram, mfumo wa maji taka, na paa lako. Kisha kodi ambayo wapangaji wanalilipa kanisa, shilingi 1,000 kwa mwezi kila kiwanja, kwa viwanja vyote 30 ni 360,000 kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, na ardhi bado ni ya kanisa. Ada ya kuingia ikiwa nusu ya hiyo bado paa linaezekwa, kazi nyingine zinakwenda polepole.

Mwenye mkupuo anakupa pesa mara moja. Kabla hujamkubalia, muulize mshauri wa kodi: kodi ya faida ya mtaji imekuwa asilimia 15 tangu Januari 2023, na msamaha wa kanisa hauji wenyewe, unatakiwa uwe na cheti cha msamaha na uelewe kinafunika nini. Pia jengo la ibada lina msamaha wa kodi ya viwanja ya kaunti, lakini nyumba za kuishi hazina, hata kama ziko ndani ya ua wa kanisa. Andika hilo kwenye bajeti tangu leo.

Na nikuulize kwa heshima: mtu wa eka 2 amefanya search? Ameuliza walio ndani? Asiyeuliza walio ndani ana nia ya kuwatoa, na kazi hiyo itafanywa kwa jina la kanisa.

Mjukuu wa Jilore #8

Sisi ndio walio ndani. Babu alipewa mahali na padre wa zamani, hakuna karatasi. Tuna nyumba tatu, kisima, na makaburi mawili. Juzi wamekuja watu na kamba wanapima, hawakusema kitu. Nasikia ukikaa miaka 12 ardhi ni yako. Ni kweli au ni maneno ya mitaani?

Mpimaji wa Barani #9

Ndugu Mjukuu, ni kweli nusu, na nusu ya pili ndiyo inayoumiza watu.

Sheria ya ukomo wa madai inasema mwenye ardhi akikaa miaka 12 bila kudai, na wewe umekaa wazi wazi, bila kuficha na bila kukatizwa, unaweza kwenda mahakamani utambuliwe. Mahakama ya Rufani hapahapa Malindi mwaka 2015 iliamua kwamba kanuni hiyo haipingani na Katiba. Haki hiyo inambana hata mnunuzi mpya, ijapokuwa haikuandikwa kwenye hati. Lakini sharti ni uwe umekaa bila ruhusa ya mwenyewe. Babu yako alipewa mahali na padre, yaani alikaribishwa. Wakili wa upande wa pili atashika neno hilo hilo. Vivyo hivyo kwa anayelipa ijara. Ndiyo shida ya watu wengi wema wa Pwani: walioingia kwa adabu wana kinga ndogo kuliko walioingia kwa nguvu.

Usikate tamaa. Kwanza, hakuna anayeweza kuja kuwatoa kesho. Sheria ya Ardhi, baada ya kurekebishwa mwaka 2016, inataka notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu hata kwenye ardhi ya binafsi, na wewe una haki ya kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kabla haijaisha. Pili, kuanzia leo kusanya ushahidi: picha za nyumba na minazi, tarehe za mazishi, vyeti vya ubatizo vyenye jina la kijiji, majina ya wazee wanaokumbuka. Tatu, angalia kama kuna kibao cha tangazo. Kikisimama, una siku 14, na pingamizi lako liandikwe, lipelekwe kwa mkono ofisi ya mipango ya kaunti, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Uamuzi ukikuumiza una siku 14 nyingine kukata rufaa kwenye kamati ya maridhiano ya mipango ya kaunti.

Na zaidi ya yote, andikia wadhamini barua. Si mchungaji, wadhamini. Sema sisi tupo, tu watu kadhaa, tunaomba tuhesabiwe kwenye mpango. Kanisa likipokea barua hiyo haliwezi tena kusema halikujua.

Kaka wa Muyeye #10

Hapo umenigusa. Mjukuu, usiweke sahihi kwenye karatasi yoyote wanayoleta.

Msomaji wa Shella #11

Mimi napinga kabisa, samahani. Viwanja vingine vya kanisa vilitolewa bure na baraza la mji kwa ajili ya umma kuabudu. Leo kanisa lipate faida ya nyumba kutoka kitu lililopewa bure? Kama halihitaji, lirudishe.

Mpimaji wa Barani #12

Msomaji, sioni haja ya kuomba samahani, hoja yako ni nzito na baadhi ya mahali ni ya kweli. Mahakama ya Juu mwaka 2023, kwenye kesi ya kiwanja cha ufuoni Nyali, ilisema hati peke yake haitoshi, inaangaliwa ilivyopatikana tangu mwanzo. Kanisa lenye kiwanja kilichotolewa kwa ajili ya shule au uwanja wa umma lisithubutu kukikata.

Kwa kile kilichotolewa kihalali kwa ibada, nadhani suluhu ni kile kinachojengwa. Katiba, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi bora yanayofikika. Kama nyumba ni za watu wa kipato cha chini na zitabaki hivyo, umma haujapoteza. Jimbo la California kule Marekani lilipitisha sheria mwaka 2023, ikaanza kazi Januari 2024, inayoruhusu taasisi za dini kujenga nyumba kwenye ardhi yao bila kupitia mlolongo wa kubadilisha matumizi, kwa sharti kwamba ziwe za bei nafuu: za kupanga zibaki hivyo miaka 55, za kununua miaka 45. Yaani serikali inalegeza kanuni, na kanisa linafungwa lisigeuze mradi kuwa biashara. Kaunti yetu ingeweza kuweka sharti kama hilo ndani ya kibali: kodi ya kaunti ipunguzwe, na kwa upande wake kanisa lifungwe. Sijasikia mwakilishi wadi yeyote akilisema, na ningependa sana mmoja alibebe.

Binti Mambrui #13

Sharti liandikwe kwenye hati, si kwenye kumbukumbu za mkutano. Kumbukumbu za mkutano zinaliwa na mchwa.

Mama wa Maweni #14

Asanteni wote. Niko kwenye kamati ya maendeleo ya kanisa letu, tuna eka 4 na tunakutana Jumamosi hii. Wazee wamekwisha zungumza na msoroveya na anataka malipo ya awali. Tuanze na nini?

Mpimaji wa Barani #15

Mama, shikamoo. Msimlipe bado, hata kama ni mwenzangu wa kazi. Jumamosi pitisheni mambo manne tu. Search rasmi ifanywe kwa jina la wadhamini. Barua iende kwa wadhamini kuomba ruhusa ya kuandaa mpango, msisubiri mpaka mmeshaingia gharama. Watu watatu wateuliwe, mmoja wao awe mkaazi wa ndani ya shamba na si wa kamati, waandike nyumba, miti, visima na makaburi. Na atafutwe mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa atoe bei, pamoja na mthamini, kabla ya upimaji.

Mkiulizwa kwa nini mnachelewesha, sema mtaalamu wa mipango ndiye anayemwambia msoroveya apande bikoni wapi.

Search ikitoka, tuandikie hapa maneno yaliyo kwenye sehemu ya matumizi na ya muda, bila namba ya hati wala majina. Tutaisoma pamoja kabla ya mkutano wenu unaofuata.